Kulwa, Mkeo Anaijua Bisibisi Yetu

Kulwa,

Leo sianzi na salamu. Huko uliko sijui kama mnaamkiana, na mimi nina hasira, kwa hiyo tuingie kwenye mambo moja kwa moja. Mkeo anaijua bisibisi yetu. Umemfundisha wewe. Usinikatalie, maana ameifanya mbele ya macho yangu, kando ya barabara pale Kisesa, watu wanaangalia, na ameifanya vizuri kabisa.

Ngoja nianzie mwanzo, usije ukasema Doto anapayuka kama kawaida yake.

Tangu tukuzike, gereji naifungua mimi. Ni palepale Igoma, mabati yaleyale, na ile nguzo uliyoigonga kwa pikapu ukasingizia breki bado imepinda. Walisema nitafunga, eti umeme wa magari mwanamke hauwezi bila kaka yake. Sijafunga. Wateja wanakuja, ila wengine wakinikuta nimeinama kwenye boneti wanasimama kwanza, wanameza mate, ndipo wanasalimia. Wanasema kwa nyuma mimi ni wewe mtupu. Mama mmoja aliniita Kulwa kabisa, halafu akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma yeye. Nikamwambia mama, usijali, tumezoea.

Sasa kuhusu msiba. Hili hujui, maana ulikuwa umeshaondoka.

Presha ilipokuangusha, hata hospitali hawajatupa mwili, Mama Mkubwa alikuwa ameshafika kutoka Magu. Alinishika mkono akaniambia pacha hamlilii pacha mwenzake. Ukimlilia, anakuita. Akasema ndivyo walivyofanya wazee, na wazee hawakuwa wajinga. Basi nikawekwa chumba cha ndani, nikapewa uji, mlango ukarudishwa. Kila nikifungua mdomo kuna mtu wa kunizima: nyamaza, Doto, nyamaza mama. Na huku nje namsikia Kabula. Kulwa, mkeo alilia! Alilia kwa nafasi, wanawake wamemshika huku na huku, wanampepea kwa khanga, wanamwambia lia mama, lia, utoe. Mimi niliyekaa na wewe tumbo moja nimefungiwa ndani na bakuli la uji.

Nilimwonea wivu. Nasema wazi, kwako sijawahi kuficha kitu. Watu huonea wivu nyumba, shamba, mume. Mimi nilimwonea mkeo wivu wa kilio. Nilikaa kule ndani nikisema moyoni, huyu amekujua juzijuzi, amekukuta umeshaota ndevu, anapewaje msiba wote peke yake? Hata makaburini nilisimamishwa nyuma, mbali na shimo, na yeye yuko mbele. Mchungaji akasema tumfariji mjane. Hakuna aliyekumbuka kwamba mimi sina hata jina la kuitwa. Aliyefiwa na mume ni mjane. Aliyefiwa na pacha anaitwaje? Hakuna neno. Wanamwita Doto, kama jana yake.

Basi. Msiba ukaisha, kikao cha ukoo kikakaa, pikapu akapewa Kabula. Hilo sina neno, ni haki yake, na mwanenu Milembe lazima ale. Anaitumia kwenda Magu kuchukua mchele wa kuuza, na biashara yake inakwenda. Nilikubali kwenye kikao kwa uso mkunjufu. Lakini jamani, Kulwa, ulimfundisha lini kuendesha? Mimi ulinifundisha kwa ugomvi. Nikikosea gia unanipiga mkono. Uliniambia, "Doto, ukiiua hiyo klachi nakuua na wewe." Yeye siku moja ananihadithia huku anacheka, eti ulikuwa unamwambia, "Taratibu, mama, gari linakusikia." Gari linakusikia! Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Alipoondoka nikaipiga teke ndoo ya gereji, na bado ina bonde.

Sasa sikiliza habari yenyewe.

Kabula akaja gereji asubuhi moja, amepaki vizuri, kinyumenyume, kama ulivyokuwa unapaki wewe. Akasema, "Wifi, gari halichaji. Taa ya betri inawaka inazima, na nikiweka indiketa taa kubwa zinafifia." Nikafungua boneti. Nikapima betri gari likiwa limezimwa, mita ikasoma volti kumi na mbili na kidogo, sawa. Nikamwambia awashe. Wewe unajua kinachotakiwa kutokea hapo. Injini ikishazunguka, altaneta ndiyo inayolilisha gari na kuijaza betri, mita inapanda inafika karibu na kumi na nne. Haikupanda. Nikamwambia awashe taa kubwa, mita ikaanza kushuka pole pole huku naiangalia.

Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angesema altaneta. Mimi nikasema vichwa vya betri vina kutu.

Nikavisugua kwa brashi, nikavikaza. Nikaukaza na mkanda. Nikampa betri ya gereji niliyoichaji mwenyewe, nikamwambia tatizo lilikuwa betri, nenda zako. Usinitukane kwanza. Ile altaneta nilijua imetoka wapi. Ni ile uliyoifungua mwezi ule nilipokwenda Magu kumuuguza Mama Mkubwa. Nilirudi nikakuta umeshaifunga kwenye gari, umeweka kaboni mpya ndani, zile za kusugua na kupitisha umeme, ukaigonga kwa kichwa cha spana, ukasema, "Hii itatuzika wote." Haukupita muda ukaanguka. Kwa hiyo kwangu hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako. Kila gari lingine ulilolitengeneza limeshaondoka na mwenyewe. Hii peke yake ndiyo ilikuwa bado inazunguka.

Nikamwambia Kabula hivyohivyo, tena kwa kiburi. Nikasema, "Wifi, ndani ya hii altaneta kuna mkono wa Kulwa. Mkono wa Kulwa haufi haraka hivyo." Akaangalia chini, akachezea ufunguo. Nikajua nimemshinda, na nikafurahi siku nzima.

Furaha ile haikudumu. Kesho yake akanipigia simu saa za mchana, amekwama Kisesa akitoka Magu, gari limejaa magunia, na wingu limetanda upande wa ziwani. Nikachukua betri nyingine na spana, nikapanda bodaboda. Nilimkuta ameshafunika mchele kwa turubai, amefunga kamba vizuri, boneti liko wazi. Hakunilaumu. Natamani angenilaumu. Alinipa pole ya safari, akaniambia, "Wifi, angalia."

Akachomeka betri niliyokuja nayo, akawasha swichi bila kuwasha injini. Akatoa bisibisi ndefu kwenye mlango. Akaisogeza taratibu mpaka kwenye nati ya puli ya altaneta, akaiachia kidogo. Bisibisi ikadondoka.

"Haivuti hata kidogo," akasema. "Juzi ilikuwa inavuta kidogo."

Kulwa. Bisibisi yetu.

Unakumbuka ilivyoanza? Tulikuwa tumelipeleka gari la Baba ziwani kuliosha, zamani zile, ndoo na sabuni, miguu ndani ya maji. Ukasahau swichi imewashwa kwa sababu ulitaka redio. Ukainama kwenye injini unajifanya fundi, bisibisi ikakuponyoka. Badala ya kuanguka majini ikaenda kunata kwenye puli. Tukatazamana! Ukaivuta, ikang'oka. Ukairudisha, ikanata. Ukazima swichi, ikaanguka. Tulicheza mchezo ule mpaka betri ikaisha, na Baba akatukuta tunasukuma gari mchangani, na kipigo tulikipata wote wawili. Baadaye ndipo tukaelewa: altaneta ikiwa hai, ukiwasha swichi umeme unapita kwenye kaboni unaifanya iwe sumaku. Ikiwa sumaku, itachaji. Isipovuta, ndani kumekufa. Najua mafundi wengine wanaijua. Wako wanaoifanya kila siku, pengine dunia nzima inaifanya. Sijali. Sisi hatukufundishwa na mtu. Sisi tuliipata wenyewe, ziwani, wawili, na tukaapa hatumwonyeshi mtu. Tulikuwa watoto, ndiyo, lakini kiapo ni kiapo.

Nikamuuliza, nani kakufundisha hiyo? Nilijua jibu. Akasema, "Kulwa. Alisema ni yenu, yako na yeye. Akaniambia nisikwambie kwamba naijua, kwa sababu utanuna."

Na kweli nikanuna. Nilinuna kutoka Kisesa mpaka Igoma. Tulirudi kwa ile betri niliyobeba, bila redio, bila taa, mvua inaanza kudondoka na waipa hatuwashi ili tusimalize umeme. Yeye anaendesha huku ametoa kichwa dirishani aione njia. Mimi nimekaa pembeni nimekunja mikono. Nikawa nafikiria mengine uliyompa. Kama umempa bisibisi, umempa na nini tena? Umemwambia jina nililokuwa nakuita tukiwa wadogo? Umemwambia nani alivunja miwani ya Baba? Najua ni mkeo. Najua mtu akioa anasema vitu usiku. Lakini mimi sikumwambia mtu, Kulwa. Hata yule aliyetaka kunioa, ambaye ulimchukia, sikumwambia.

Kesho yake nikaenda mjini kwa yule mzee wa Kihindi wa duka la spea, aliyekuwa anakutolea kiti. Unaamini aliniambia nini? "Pole sana. Kulwa yangu alikuwa haichagui spea hovyo." Kulwa yangu! Nikamwambia shikamoo mzee, naomba altaneta. Kila mtu ana Kulwa wake siku hizi. Nilichagua moja iliyotumika kidogo, nikaizungusha kwa kidole kusikiliza beringi, nikalinganisha matundu ya bolti na plagi ya waya, nikaitikisa. Ni nzuri. Ungeichukua hiyohiyo, usijifanye.

Kabula alikuja gereji, amefunga kitambaa kichwani, amevaa ovaroli lako. Nikaliona. Nilimwambia anishikie tu taa, basi, asiguse kitu. Nikatoa kichwa cha hasi cha betri kwanza. Nikalegeza bolti ya kukazia mkanda, nikautoa. Nikachomoa plagi, nikafungua ule waya mnene wa kwenda betri wenye kofia ya mpira. Halafu bolti ile ndefu ya chini, unaijua, ile inayogoma. Iligoma. Nikaivuta, nikaitukana, nikapanda juu ya bampa. Kabula akasema kwa sauti ndogo, "Ilikuwa inaanza kurudi ndani kidogo, ndipo inatoka." Nikafanya hivyo. Ikatoka. Nilitaka nimrushie spana.

Mpya ikaingia bila shida. Nikaufunga mkanda, nikausukuma kwa gumba kupima unavyobonyea, nikarudisha waya, nikarudisha betri. Akawasha. Mita ikapanda mpaka karibu na kumi na nne ikatulia. Akawasha taa, waipa, redio, vyote kwa pamoja, haikutetereka. Alipiga kofi moja la furaha halafu akajizuia, akanitazama kuona kama inaruhusiwa.

Basi nikasema nataka kuifungua ya zamani. Sikuwa nimekata tamaa. Nilifikiri labda ni kaboni tu, nitabadilisha, nitaiweka kwenye rafu, itakuwa hai hata kama haina gari. Nikaipasua mezani. Kaboni zimekwisha kabisa, zimebaki vipande kama punje za mahindi. Zile pete mbili za shaba kaboni zinaposugulia zimelika mpaka zimeachia, na waya za ndani zimeungua zimekuwa nyeusi. Haitengenezeki. Hata wewe usingeweza, na mimi nakuaminia.

Halafu nikaona pale waya za kaboni zilipochomewa.

Mchomo wako naujua kuliko sahihi yako. Mdogo, bapa, unang'aa, umekaa kama ulizaliwa pale. Nimeukuta kwenye redio, kwenye starta, kwenye jiko la umeme la Mama. Ule haukuwa mchomo wako. Lilikuwa bonge la risasi ya kuchomea, limevimba upande mmoja, limedondoka upande mwingine, limechoma na plastiki pembeni. Ni kazi ya mtu anayechomea kwa mara ya kwanza na mkono unamtetemeka. Nikainua kichwa nikamtazama mkeo.

Akaziba mdomo kwa kiganja. Akasema, "Alisema ndiyo mbaya kuliko zote alizowahi kuona. Nikamwambia airudie. Akakataa, akasema itashika."

Na imeshika, Kulwa. Kaboni zimekwisha, pete zimelika, waya zimeungua, na bonge la mkeo liko palepale halijatikisika.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile nilipokuwa najigamba, mkono wa Kulwa, mkono wa Kulwa. Akasema, "Ulisema ni mkono wake, wifi. Ulifurahi. Ningesemaje?"

Afadhali angekuwa mbaya. Kweli kabisa, ningepumzika. Kama angekuwa mwanamke wa majungu, mchoyo, mwenye mdomo, ningemchukia vizuri mpaka uzee wangu. Lakini alijua, akaniachia. Akakubali kukwama Kisesa na mchele wake kwenye mvua ili mimi nibaki na kitu chako ambacho hata hakikuwa chako. Nilichokuwa nakilinda asikiguse ni kazi yake yeye.

Nikalia. Pale pale juu ya meza, mikono ina grisi, kamasi zinatoka, sauti ile niliyofungiwa nayo chumba cha ndani ikatoka yote. Mafundi wa jirani wakazima mashine. Kabula hakunipepea wala hakuniambia lia mama. Alishusha mlango wa bati nusu, akasimama nje yake, akawa anawaambia watu gereji inafunguliwa baadaye. Mama Mkubwa asijue. Na akijua, nina jibu. Nitamwambia sikumlilia Kulwa. Nililia wivu, na wazee hawakukataza hilo.

Sasa nikuage, maana kuna gari linasubiri na mwenyewe ananikodolea macho.

Wivu sijauacha, usidanganyike. Nikimwona na lile ovaroli bado kuna kitu kinanipanda hapa kifuani. Ile safari ya kwanza mliyoenda Magu wawili bado inaniuma, na hiyo bisibisi tutakuja kuizungumza mimi na wewe siku tukionana, jiandae. Lakini nimemwambia Kabula aje gereji Jumamosi, mchele amwachie mdogo wake. Nitamfundisha kuchomea. Wewe hukumfundisha, ulikuwa unamtazama usoni badala ya kumtazama mikononi. Mimi nitamtazama mikononi. Nitamfundisha kusafisha waya kwanza, kupasha moto kidogo, kuacha risasi ijiendee yenyewe, na kuondoa mkono mapema. Nitamgombeza kama ulivyonigombeza. Nakuahidi sitamwachia mpaka mchomo wake uwe mdogo, bapa, unaong'aa.

Lala, kaka yangu. Nitamkazania mpaka siku moja nifungue kitu alichokichomea yeye, nidhani ni wewe.

Ni mimi,
Doto